Fizi zinatoka damu kila asubuhi: chumvi, vidonge au kukwangua ugaga?

MhudumuJamii_Chamwino

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wataalamu wa kinywa na meno waliomo humu, na wafamasia pia.

Wiki ijayo kuna kliniki ya mama na mtoto kijijini na mada tuliyopangiwa ni fizi. Maswali ya watu ni yale yale, ila majibu yanayozunguka mtaani yanagongana. Wengi fizi zinawatoka damu wakipiga mswaki, na kwa kuwa haziumi hawaoni kama ni ugonjwa. Wakiona damu wanaacha mswaki ili fizi zipumzike. Wengine wanakimbilia duka la dawa muhimu, wananunua flajili, wanameza siku mbili, damu ikipungua wanaacha. Wazee wanasema ni kiseyeye na dawa yake ni ubuyu. Wapo wa mswaki wa mti na majivu, wapo wa maji ya chumvi. Na karibu wote wanaogopa kukwanguliwa ugaga, yaani ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, wanasema ukikwanguliwa tu meno yanaanza kucheza.

Nielezeni fizi zinavimba kwa nini hasa, mtu afanye nini nyumbani kwa hatua na vipimo, dawa inahitajika wakati gani, na ni dalili zipi ambazo mtu asilale nazo. Mnieleze kwa namna ya kumfaa mtu anayenunua maji kwa ndoo.

TabibuMeno_Dom

Mkuu, anza na hilo la damu, kwa sababu ndilo linalomaliza meno ya watu. Ufizi unaotoka damu ukiguswa na mswaki haujachoka. Umevimba, na umevimba kwa sababu pale hapasafishwi. Anayeacha mswaki ili ufizi upumzike anaulisha ugonjwa wenyewe.

Mwambie kila mtu ajaribu hivi asubuhi kabla ya mswaki: apitishe ukucha kwenye jino, pale pale linapoingia kwenye ufizi. Ukucha utatoka na kitu cheupe chenye unjano, laini kama uji uliopoa. Huo ndio ukoga, na sehemu yake kubwa ni bakteria. Mabaki ya chakula yanaondoka kwa maji, ukoga hauondoki. Umeshika jino kama ule utelezi unaoshika ndani ya pipa la maji: umwage maji mara kumi, utelezi upo, mpaka usugue. Ndiyo maana kusukutua peke yake, kwa chumvi au kwa dawa ya dukani, hakutibu fizi.

Ukoga ukikaa, sumu za bakteria zinapenya ukingo wa ufizi. Mwili unajibu kwa kuleta damu nyingi mahali hapo, mishipa midogo inatanuka, na ngozi nyembamba ya upande wa ndani wa ufizi inachubuka. Basi ukigusa kidogo tu, damu. Maumivu hayapo kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hauumi mpaka umeshafika mbali, na huo ndio ubaya wake.

Kama kuna mtu hataamini kwamba chanzo ni ukoga, mpe habari hii. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Fizi za wote zilivimba, kati ya siku ya 10 na ya 21. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi, bila kidonge.

Usiwafundishe watu kutazama rangi peke yake. Sisi wengi fizi zetu zina madoa meusi au ya kahawia tangu utotoni na hayo si ugonjwa. Tazameni umbo. Ufizi mzima una ukingo mwembamba uliobana jino, na ukiukausha kwa kitambaa unaona vidoa vidogo kama ganda la chungwa. Uliovimba unang'aa, ukingo wake umenenepa kama mdomo wa chapati, na kile kipande cha pembe tatu kilicho kati ya jino na jino kinakuwa kimetuna.

Sasa ugaga. Mate yana madini ya chokaa. Ukoga usiposuguliwa, baada ya siku chache unaanza kuganda na kuwa mgumu kama saruji. Unajengeka haraka zaidi pale mate yanapotokea: nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, na nje ya magego ya juu, upande wa shavu. Pitisha ulimi nyuma ya meno yako ya chini. Ukihisi ukuta mkavu wenye kukwaruza, badala ya meno yaliyotengana mojamoja, huo ni ugaga. Ukishafika hapo hakuna mswaki, majivu wala chumvi ya kuutoa. Ni kukwanguliwa tu, na uso wake wenye vitundu vidogo vidogo unazidi kushika ukoga mpya.

Kama ugonjwa bado uko kwenye ufizi tu, unapona wote. Ukiachwa, kwa baadhi ya watu unashuka chini: ufizi unaachana na jino, panakuwa na kimfuko, na mfupa unaoshika jino unaliwa. Mfupa huo haurudi wenyewe. Sisi tunapima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita: 1 hadi 3 ni sawa, kuanzia 4 na zaidi tunaanza kuwa na wasiwasi, hasa kama damu inafuata kijiti kinapotoka.

Namna ya kupiga mswaki, na hapa ndipo ningekuomba utumie nusu ya muda wako wote siku hiyo. Mswaki uwe laini, wenye kichwa kidogo. Ule mgumu unapendwa kwa kuwa unakwaruza na mtu anahisi amesafika, lakini nyuzi zake haziingii kwenye ukingo, zinauchubua, na miaka ikienda ufizi unarudi nyuma hadi mzizi unaonekana. Ushikwe kwa ncha za vidole kama kalamu. Ukiushika kwa ngumi utabonyeza sana. Ulaze nusu, nyuzi zitazame ufizi, nusu ya nyuzi zikae juu ya jino na nusu juu ya ukingo. Tikisa papo hapo, mwendo mfupi usiozidi nusu ya upana wa jino, mara kumi. Kisha fagia kuelekea mbali na ufizi: meno ya chini fagia kwenda juu, ya juu fagia kwenda chini. Hamia meno mawili yanayofuata.

Mtu aanzie ndani ya meno ya chini, upande wa ulimi, kwa sababu huko ndiko kila mtu anaruka. Kwa meno ya mbele asimamishe mswaki wima atumie ncha yake. Amalizie na uso wa kutafunia, kisha ulimi. Dakika 2 nzima, mara mbili kwa siku. Wa usiku ni muhimu kuliko wa asubuhi: mtu akilala mate yanapungua na bakteria wanabaki na uhuru wao. Mswaki ubadilishwe kila miezi mitatu au nyuzi zikianza kutawanyika.

Waambie mapema kwamba siku mbili tatu za kwanza damu inaweza kuwa ileile au hata kuzidi. Wasikimbie. Pale panapotoka damu ndipo pa kurudi, taratibu, kila siku.

MhudumuJamii_Chamwino

Asante sana Daktari, hilo la utelezi wa pipa nitalitumia. Maji je? Na katikati ya meno, ambako mswaki hauingii? Uzi wa meno vijijini hakuna.

TabibuMeno_Dom

Maji ni nusu kikombe tu. Lowesha mswaki, weka dawa ya meno yenye floraidi, piga dakika 2, tema povu, usisukutue. Safisha mswaki kwa hayo maji yaliyobaki na uuache wima ukauke, usiufunike. Kutosukutua si kwa ajili ya kuokoa maji tu. Floraidi inabaki kwenye jino na kufanya kazi. Watoto wa chini ya miaka 3 wapakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, mzazi akisimamia watoto wateme.

Katikati ya meno, uzi unapatikana kwenye famasi za mjini. Unakata kama sentimita 40, unazungusha kwenye vidole vya kati, unaingiza kwa kuupeleka mbele na nyuma polepole. Ukishapita usiushindilie, utakata ufizi. Ukunje uukumbatie ubavu wa jino moja, panda nao mara tatu nne, kisha ubavu wa jino jirani. Kwa watu wazima wenye mianya, vibrashi vidogo vya katikati ya meno vinafaa kuliko uzi. Vijiti vya kuchokolea nyama ni vya nyama. Ukilazimisha kati ya meno yaliyobanana unaua kile kipande cha ufizi na mwanya unabaki wazi.

AfisaLishe_Kongwa

Naomba niingie kwenye kiseyeye, maana wazee hawajakosea kabisa, ila jina limepanuliwa mno.

Kiseyeye halisi ni upungufu mkubwa wa vitamini C. Mwili wa binadamu hauitengenezi, na mtu akikosa kabisa kwa mwezi mmoja hadi mitatu dalili zinaanza. Fizi zinakuwa za zambarau, laini kama sponji, zinatuna hadi kufunika sehemu ya jino. Lakini hazivimbi peke yake. Mtazame miguu: vidoa vyekundu kuzunguka vinyweleo, vinyweleo vyenyewe vimejikunja, michubuko bila kugongwa, magoti na misuli inauma, vidonda havifungi, mwili umechoka. Fizi zikitoka damu na hayo mengine hayapo, karibu kila mara ni ukoga. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalijui: mtu asiye na meno kabisa akipata kiseyeye, fizi zake zinaweza zisivimbe sana. Hata hapo ukoga una mkono wake.

Kwa huku kwetu kipindi cha kuangalia ni kiangazi kirefu, kaya ikila ugali na mlenda uliokaushwa mwezi baada ya mwezi. Mlenda ni mboga nzuri, ila vitamini C inaharibiwa na jua, hewa na kuchemsha muda mrefu, hivyo katika mlenda mkavu kilichobaki ni kidogo. Ubuyu unasaidia kweli, unga wake mweupe una vitamini C nyingi. Vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ubuyu kwenye maji ya kunywa yaliyopoa, bila kuchemsha, vinamfaa mtu mzima kwa siku. Pera moja au chungwa moja pia linatosha. Kinachosemwa hapa ni unga wa ubuyu. Zile mbegu zenye rangi nyekundu na sukari wanazouziwa watoto stendi ni peremende, zinakaa mdomoni muda mrefu na zinalisha bakteria walewale.

Mwenye upungufu, fizi zake zinaanza kubadilika ndani ya siku chache hadi wiki mbili akipata vitamini C. Asiyekuwa na upungufu, hata anywe debe la ubuyu ukoga upo palepale.

Mfamasia_Area C

Upande wa dawa nitasema bila kuzunguka, kwa sababu hapa kaunta ndipo makosa yanapofanyika.

Fizi zilizovimba kawaida hazihitaji antibayotiki. Si flajili, si amoksilini. Bakteria waliojenga ukoga wamejifungia ndani ya ute wao na dawa ya kumeza inawafikia kwa shida. Damu inaweza kupungua kidogo kwa siku chache kwa sababu baadhi wamekufa. Ukoga na ugaga umebaki, baada ya wiki hali inarudi, na bakteria waliosalia ndio waliozoea dawa. Yule anayemeza siku mbili na kuacha anafanya mazoezi ya kuwafundisha bakteria.

Metronidazo, ndiyo hiyo flajili, ina mahali pake: ufizi wenye vidonda. Mgonjwa wa aina hiyo unamtambua. Anaumwa sana, vile vipande kati ya meno vimekatika kama vimeng'atwa, juu kuna utando wa kijivu, mdomo unanuka hata ukiwa mbali naye, na mara nyingi ana homa na tezi shingoni. Hapo, pamoja na kusafishwa kinywa, mtu mzima kwa kawaida huandikiwa miligramu 400 kila saa 8 kwa siku 3 hadi 5. Vidonge vingi huku ni vya miligramu 200, kwa hiyo ni viwili kwa mara moja, na pombe asiguse mpaka zipite angalau siku mbili baada ya kidonge cha mwisho. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa baada ya kuonwa. Na mtu wa namna hii apimwe virusi vya UKIMWI kwa upole na siri, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kinga iliyoshuka. Pia utapiamlo, msongo mkubwa wa mawazo na sigara.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini asilimia 0.2: mililita 10, dakika 1, mara mbili kwa siku, usimeze. Inafaa kwa wiki mbili wakati mtu hawezi kupiga mswaki vizuri kwa maumivu, au baada ya kukwanguliwa. Kosa la kwanza ni kuitumia mara tu baada ya dawa ya meno. Sabuni iliyomo kwenye dawa ya meno inaipunguzia nguvu. Ziachane kwa nusu saa. Kosa la pili ni kuitumia miezi. Meno yanakuwa na rangi ya kahawia, hasa kwa wanywaji wa chai ya rangi, na ladha ya chakula inapotea. Rangi hiyo inasafishika kliniki.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya mililita 250 ya maji vuguvugu, sukutua nusu dakika, tema, rudia mpaka glasi iishe, mara mbili au tatu kwa siku, ila si mara tu baada ya mswaki, floraidi isioshwe. Yanatuliza. Ukizidisha chumvi hadi inachoma, unachubua ngozi ambayo tayari imechubuka. Kwa maumivu, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 kwa saa 24.

Wakataze mambo mawili: kuweka aspirini juu ya ufizi, na magadi. Vyote vinaunguza. Ile ngozi nyeupe inayobanduka siku ya pili ni kidonda cha kuungua, watu wanadhani uchafu unatoka.

Halafu uliza kila mara mgonjwa anatumia dawa gani nyingine. Fenitoini ya kifafa, na amlodipini au nifedipini za presha, zinaweza kunenepesha fizi hadi zikafunika meno. Asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya fizi. Arudi kwa aliyemwandikia azungumze naye, na usafi uongezwe maradufu maana penye ukoga ndipo zinaponenepa zaidi.

Mkunga_Bahi

Dada au kaka wa Chamwino, kwa kuwa ni kliniki ya mama na mtoto, haya usiyaache.

Mjamzito fizi zake zinavimba kwa ukoga kidogo tu ambao zamani usingemsumbua, kwa sababu homoni za ujauzito zinafanya mishipa ya fizi ijae na kuchubuka kwa urahisi. Inaanza kuonekana mwezi wa pili au wa tatu. Wengine wanaota kinyama chekundu kati ya meno, kinatoka damu kwa wingi kikiguswa. Si saratani na mara nyingi kinanywea baada ya kujifungua. Kukwanguliwa ugaga kunaruhusiwa wakati wowote wa mimba, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo yenye raha zaidi kwa mama kukaa kwenye kiti. Ganzi ya kawaida ya meno haimdhuru mtoto. Anayetapika asipige mswaki papo hapo, asidi imelainisha jino. Asukutue maji, asubiri nusu saa. Asipewe doksisaiklini, na dawa za jamii ya ibuprofeni asijinunulie.

Kwa watoto wachanga, mtakutana na habari ya meno ya plastiki. Mtoto ana homa na kuhara, bibi anafunua mdomo anaona ufizi umetuna penye chonge na una weupe kwa ndani. Ule weupe ni jino la kawaida linalojitengeneza, kila mtoto analo. Likichokolewa kwa spoku au kisu, mtoto anaweza kufa kwa damu, kwa pepopunda au kwa maambukizi, na akipona, meno ya ukubwani yanaota vibaya. Anayeharisha anahitaji maji ya ORS na zinki, na kufikishwa kituoni akapimwe malaria. Ukiweza, shika mtoto mzima mbele ya wamama, funua mdomo, waonyeshe uvimbe uleule kwa mtoto asiyeumwa. Hakuna maneno yanayozidi hilo.

Manyoni_Kati

Naomba kuongeza swali. Huku Singida watu wengi wana meno ya kahawia yenye vishimo. Nao waende kukwangua?

TabibuMeno_Dom

Hapana, na ni vizuri umeuliza, maana watu wanayasugua kwa mchanga na mkaa mpaka jino linaisha. Hiyo kahawia inatokana na floraidi nyingi kwenye maji ya visima, jambo la kawaida Singida na baadhi ya maeneo ya Dodoma, Manyara na Arusha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Rangi iliingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, miaka ya utotoni hadi kama miaka 8, kwa hiyo iko ndani ya jino lenyewe. Tofauti yake ni rahisi: ugaga uko karibu na ufizi, umetuna, ukucha unajikwaa, kahawia ya maji iko katikati ya jino, meno yanayolingana kushoto na kulia yanafanana. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, akakwanguliwa ugaga na kahawia ikabaki. Aambiwe kabla, asije akadhani hakuhudumiwa. Kuyang'arisha ni matibabu mengine kabisa.

Na majivu na mkaa vinaingia hapohapo. Vinaparua jino, havina la kufanya kwa fizi. Mswaki wa mti ni jambo tofauti, huo siupingi. Kipande cha sentimita 15, unene wa kidole kidogo, menya gome sentimita 1, tafuna hadi nyuzi zitawanyike, tumia kwa kufagia kutoka kwenye ufizi, na kila siku kata kipande kilichotumika utafune kipya. Shida yake ni moja: hauingii kirahisi nyuma ya meno ya chini, na mtu anausukuma kulia na kushoto kama msumeno. Nje meno yanang'aa, ndani ugaga umejaa, na nje ufizi umerudi nyuma. Anayeutumia apinde nyuzi kwa kidole ili zifike ndani, na akipata dawa ya meno yenye floraidi aitumie angalau usiku.

Hofu ya kukwanguliwa. Ugaga hauyashiki meno, kinachoyashika ni mfupa. Jino lililokwisha kupoteza mfupa linaweza kuwa limeegemea ugaga pamoja na wenzake, kama nguzo zilizooza zinavyoshikiliwa na bati. Ukitoa ugaga unalihisi linacheza, lakini lilikuwa limeshalegea; ukiuacha, mfupa unazidi kuliwa. Mambo matatu yatatokea na mgonjwa aambiwe: meno yatasisimka kwa baridi siku kadhaa hadi wiki mbili, ulimi utahisi mianya ambayo haikuwapo kwa kuwa ufizi umenywea, na damu kidogo siku hiyo. Kazi yenyewe inafanywa kwa mashine inayotetemeka na kunyunyiza maji, au kwa vyuma vya mkono. Kama vimfuko ni virefu tunachoma ganzi tunasafisha hadi kwenye mzizi, na tunapima tena baada ya wiki 6 hadi 12. Tabibu wa meno yupo kwenye baadhi ya vituo vya afya na hospitali za wilaya; ulizia siku zake kabla mtu hajapanda gari. Kesi ngumu zinakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

MhudumuJamii_Chamwino

Nimeelewa vizuri sana. Limebaki lile la mwisho, dalili za kutolala nazo. Na watu wa sukari na ugoro niwaambie nini?

TabibuMeno_Dom

Sukari na fizi zinachochea kila mmoja mwenzake. Sukari ikiwa juu fizi haziponi, na fizi zenye usaha zinaifanya sukari igome kushuka. Mtu mzima mwenye fizi zinazovimba kila mara, majipu ya fizi yanayohamahama, kiu na kukojoa sana, apimwe sukari; akiwa hajala, kipimo cha milimoli 7 kwa lita na zaidi kinachorudiwa siku nyingine ni kisukari. Sigara zinabana mishipa, kwa hiyo mvutaji fizi zake hazitoki damu sana hata mfupa ukiwa unaliwa. Anajiona mzima. Huyo msiulize damu, mtikisieni meno kwa vidole viwili. Ugoro unaowekwa mdomoni unachubua na kurudisha nyuma ufizi pale unapokaa, na doa jeupe lisilofutika mahali hapo, au kidonda kinachozidi wiki mbili, ni cha kuonyeshwa daktari.

Za kutolala nazo: uvimbe chini ya kidevu au shingoni wenye homa, kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, kupumua kwa shida. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, kwa sababu uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa. Mdomo kushindwa kufunguka au shavu kuvimba hadi jichoni, siku hiyohiyo. Fizi zilizovimba ghafla pamoja na michubuko mwilini, homa na weupe wa viganja, siku hiyohiyo, apimwe damu.

Na mtoto. Mtoto wa miaka 2 hadi 6, amekonda, ametoka kuugua surua au malaria, ana kidonda kwenye ufizi, mdomo unanuka, shavu linaanza kuvimba na kung'aa: huo unaweza kuwa noma, ugonjwa ulioingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Siku chache tu zinatosha kutoboa shavu. Ukikamatwa bado ni kidonda cha ufizi, unatibika kwa antibayotiki, usafi wa kinywa na lishe. Usimpe barua ya kuja kliniki Jumatatu. Panda naye gari wewe mwenyewe.

Wengine wote wape siku 14 za mswaki wa namna niliyoeleza. Damu ikiisha, waendelee. Sehemu ambayo bado inatoka damu siku ya 15 ina ugaga chini yake, au kuna jambo lingine mwilini, na huyo ndiye wa kumwandikia rufaa.